Macho ya Msasa

Kuta za mtaa ule zilikuwa na mkia. Simama mbele ya saluni, soma maandishi ya bluu yanayoahidi nywele laini na kucha safi, kisha shusha macho mpaka usawa wa goti. Utaona mchirizi mmoja wa rangi, umeanza mwembamba, ukanenepa katikati, ukapotelea hewani. Nenda duka la baiskeli, utauona wa kijani. Nenda kwa mshona mapazia, utauona mwekundu. Mgeni angedhani fundi aliteleza. Wenyeji walijua kwamba pale alipita Msasa akiwa amefurahi.

Msasa alikuwa mbwa wa Bi Rangi, na Bi Rangi ndiye aliyekuwa akiandika mabango ya mtaa mzima. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyempandisha ngazi tangu miguu yake haijafika vizuri kwenye vidato, akamfundisha kunyoosha uzi wenye chaki, kuuvuta na kuuachia ukutani upige mstari. "Herufi ni watu," baba alimwambia. "Zipe nafasi za kupumua." Bi Rangi alizipa nafasi maisha yake yote. Hakuolewa. Waliotaka kumwoa walitaka kwanza ashuke kwenye ngazi.

Mbwa alimpata uani kwa muuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa ametumbukia katika ndoo ya rangi nyeupe, kakauka nusu, macho tu ndiyo yanayoonekana. Mwenye duka alisema mtupeni jalalani. Bi Rangi alimfunga ndani ya kanga akaenda naye nyumbani, na kwa kuwa tapentaini ya kuondolea rangi ingemchuna ngozi, alimsafisha kwa mafuta ya kupikia, unyoya kwa unyoya, siku nzima. Kila alipomwacha kupumzika, yule mtoto wa mbwa alimlamba mkono kwa ulimi uliokwaruza kama karatasi ya kusugulia mbao. Jina likapatikana hapohapo.

Karakana ya rangi ina mambo yake. Sakafuni kuna matone, vifuniko, matambara yenye sumu. Msasa alipokuwa mdogo alitafuna ganda la rangi kavu akaugua karibu kufa, na tangu siku hiyo Bi Rangi aliapa kwamba mbwa wake hatakula kitu cha sakafuni, wala cha mkono usiomjua. Alimfundisha kwa subira ileile aliyofundishwa herufi. Shemeji yake, muuza nyama mwenye bucha upande wa pili wa barabara, alikuja na kipande cha nyama akiwa na koti lake jeupe. Msasa akaruhusiwa kula. Fundi viatu, aliyekaa na kigoda chake pembeni mwa ukuta wa karakana, akatoa kipande kilekile.

"Acha!" Bi Rangi alisema.

"Yaani nyama ya bucha moja," fundi viatu alilalamika, "kwa shemeji yako ni halali, kwangu ni haramu?"

"Wewe mikono yako inanuka gundi."

"Na ya shemeji yako inanuka waridi?"

Walicheka wote, na mafunzo yakaendelea wiki baada ya wiki, mpaka ikawa Msasa anakula kwa watu wawili tu duniani: mwenye karakana na mwenye koti jeupe. Wengine wangeweza kumwekea mnofu puani, angegeuza shingo kama bibi harusi.

Muuza nyama alimpenda mbwa yule kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kutundika nyama, alivuka barabara na kipande mkononi, koti limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia wa koti una alama ya kahawia ya pasi, pale mkewe alipoisahau siku moja ikaacha ncha yake. Alichuchumaa. "Mwanangu, umeamkaje?" alisema. "Mwanangu, umelala vizuri? Mama yako mkubwa hakukunyima shuka?" Bi Rangi alicheka, fundi viatu alicheka, wateja walicheka. Ng'ambo, nyuma ya kaunta, mke wa muuza nyama alikunja karatasi za kufungia nyama, moja juu ya nyingine. Alikuwa mdogo wake Bi Rangi, tumbo moja. Nyumba yake haikuwa na mtoto. Hakuna aliyemwangalia usoni wakati huo, maana kila mtu alikuwa anamwangalia mbwa.

Miaka ikaenda. Msasa akazeeka, nyonga zikalegea, mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili mpaka yakawa kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Hakuweza tena kufuatana na ngazi. Alilala mlangoni pa karakana akisoma mtaa kwa pua. Akipita mtu, pua ilijua. Likipita koti la bucha, hata kabla halijavuka barabara, mkia ulianza kupiga sakafu.

Siku moja Bi Rangi alikuwa akiandika ukuta wa kituo cha kuoshea magari. Aliporudi adhuhuri alimkuta Msasa chini ya ngazi ya zamani, miguu imenyooka, povu limekauka mdomoni. Pembeni palikuwa na kipande cha nyama kilichobaki, kina unga wa kijivu ndani, kimepasuliwa kwa kisu na kufunikwa tena. Unga ule kila mwenye panya nyumbani anaujua.

Bi Rangi hakulia. Alikaa chini, akauweka ule mdomo mapajani, akawaza kama anavyowaza mtu anayepima ukuta. Msasa haokoti cha sakafuni. Msasa hali kwa mikono ya watu. Mikono ni miwili tu. Mmoja ni huu wangu.

Alinyanyua kichwa akatazama ng'ambo ya barabara.

Muuza nyama aliporudi jioni kutoka mnada wa ng'ombe na kusikia habari, alikuja mbio, akajitupa juu ya mzoga akilia kwa sauti. Bi Rangi alimtazama anavyolia, na kila chozi alilihesabu kuwa ni uongo.

"Shemeji, nani kafanya hivi?"

"Wewe unamjua."

"Mimi? Mimi nilikuwa mnadani!"

"Hujawahi kwenda mnadani bila kumpitia."

"Leo sikupita. Lori lilinipigia honi, nikapanda hivihivi. Waulize!"

"Nimwulize nani? Ng'ombe?" Bi Rangi alisema, akafunga mlango.

Alimzika mwenyewe nyuma ya karakana. Usiku haukumpa usingizi, na katika kujigeuza alikumbuka vitabu alivyosoma shuleni. Kulikuwa na mbwa wengi vitabuni. Mmoja alimngoja bwana wake mpaka akafa njaa, mwingine alimwokoa mtoto mtoni, wa tatu alipigwa risasi akilinda nyumba. Wote walikufa kwa heshima, msimulizi akalia kidogo, sura ikaisha. Hakuna kitabu kilichorudi nyuma kusema aliyemuua alipatwa na nini. Aliyeua aliachwa aende zake, ale, alale, azeeke. Bi Rangi aliona kwamba hicho ndicho kipande kilichokosekana, na kwamba yeye ana ukuta, ana brashi, na hana haraka.

Ukuta wa karakana yake ulitazamana na bucha uso kwa uso. Tangu enzi za baba ulikuwa na orodha ya kazi zao na michoro ya herufi. Aliukwangua wote. Akapaka rangi ya msingi, akangoja ikauke, akasugua, akapaka tena. Fundi viatu alisogeza kigoda chake.

"Tangazo la nani hilo, Bi Rangi?"

"La bucha."

"Afadhali. Yule ndama wa bango lao la zamani alikuwa anafanana na kiti."

Kwanza ilitokea miguu ya mbele, kisha kifua, kisha sikio lililokunjika. Fundi viatu aliacha kupiga nyundo. Msasa alikaa pale ukutani, mkubwa kama alivyokuwa, nyusi zake nyeupe zimeinuka kidogo, na macho yake, yale macho ya ujana wake, meusi, yenye nukta ya mwanga ndani, yalitazama moja kwa moja kwenye kaunta ya bucha. Ukisogea kushoto yalikufuata. Ukijificha nyuma ya mzani yalikungoja utoke.

Halafu Bi Rangi akachora mkono. Ulitoka ukingoni mwa ukuta, bila mwenyewe, umeshika kipande cha nyama chenye mstari wa kijivu katikati. Mkono ulikuwa ndani ya koti jeupe. Kwenye koti palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi.

Hakuandika neno hata moja. Mtaa mzima ulilijua koti lile.

Wateja wa bucha walianza kupungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Mama mmoja alifika, akaagiza, akageuka kumwangalia Msasa, akakumbuka ghafla kwamba nyumbani leo wanakula maharage. Mwenye mgahawa akahamia bucha ya mtaa wa juu. Wavulana wa kituo cha kuoshea magari walipita wakibweka. Bi Rangi alikaa mlangoni akisafisha brashi zake, na kila mteja aliyegeuza njia alimshukuru kimoyomoyo. Utamu ule hakuwahi kuujua kabla. Ulikaa chini ya ulimi siku nzima.

Muuza nyama alivuka barabara.

"Shemeji, unaniua."

"Wewe angalau unajua nani anakuua."

"Naapa kwa kaburi la mama. Mbwa yule nilimwita mwanangu!"

"Ndiyo maana alikuamini."

"Sasa nifanye nini uniamini wewe?"

"Sema ukweli mbele ya watu, huyuhuyu akikutazama. Kisha nitafuta ukuta."

"Niseme nimefanya kitu ambacho sijafanya?"

"Basi kausha nyama yako, maana hakuna wa kuinunua."

Alisimama pale akiwa amelegeza mabega, mtu mnene aliyekuwa amepungua uso. Kisha alirudi. Siku ile alilivua koti akaanza kuuza kwa shati. Bi Rangi alisema moyoni, ameanza kukiri.

Mvua ya kwanza ilipopita, rangi ya kifua cha Msasa ilitoa malengelenge. Bi Rangi akapanda ngazi kuitengeneza. Ndipo mdogo wake alipokuja. Siku zote hizo hakuwa amekanyaga upande ule. Alisimama chini ya ngazi, mikono imefumbatwa, akautazama ukuta muda mrefu mpaka Bi Rangi akadhani amekuja kulia.

"Umempendezesha, dada," alisema. "Umempa macho mazuri."

"Ni yake."

"Ni ya zamani. Angekuwa nayo siku ile, asingekula."

Brashi ilisimama ukutani. Tone la rangi likajikusanya kwenye ncha, likaanguka juu ya kidato.

Bi Rangi hakugeuka mara moja. Aliyasikia maneno yale mara ya pili, polepole, kama anayesoma bango alilolikosea mwenyewe. Kwa nini asingekula? Msasa alikuwa anakula mkononi mwa muuza nyama kwa macho na bila macho. Mbwa mwenye macho angemwona nani, mpaka akatae? Mbwa asiye na macho alinusa nini, mpaka akubali?

Koti. Kwenye mnada wa ng'ombe hakuna anayekwenda na koti jeupe. Siku za mnada koti hubaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa bucha. Alilijua hilo miaka nenda miaka rudi. Alikuwa amemfundisha Msasa kuamini koti, akajidanganya kwamba amemfundisha kuamini mtu.

Alishuka kidato kwa kidato.

"Lilikutosha?" aliuliza.

"Nini?"

"Koti la mumeo. Lilikutosha, au ulikunja mikono?"

Uso wa mdogo wake ulibadilika, ukabadilika tena, kisha ukatulia. Hakukimbia. Kama kulikuwa na kitu alichokuwa amechoka nacho, ilikuwa ni kukimbia.

"Nilikunja," alisema.

Fundi viatu, ambaye katika maisha yake hajawahi kukosa la kusema, aliokota kiatu kisicho na tatizo akaanza kukishona.

"Alikuja mwenyewe," mdogo mtu aliendelea. "Hakuwahi kuja kwangu hata siku moja. Siku ile alikuja anachechemea, mkia unapiga. Dada, wewe unajua ilivyo kusimama nyuma ya kaunta, kila asubuhi ya Mungu, mume wako anavuka barabara kwenda kusema 'mwanangu'? Mbele ya wateja? Wanacheka, halafu mmoja ananitupia jicho tumboni. Mimi ananiita 'wewe'. Wewe leta kisu. Wewe funga hii."

"Mimi pia sina mtoto."

"Wewe hukutaka. Mimi nilitaka."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba namwonea wivu mbwa? Ungecheka na huyu fundi viatu wako mpaka mkaanguka."

Bi Rangi alifikiri. "Ningecheka," alikubali. "Kisha ningemwambia mumeo aache."

"Sasa ameacha. Hasemi 'mwanangu'. Hasemi chochote. Futa ukuta, dada. Bucha inakufa. Mimi ni damu yako."

"Damu yangu ilivaa koti la mwenzake ikaenda kumdanganya kipofu. Na nilipomwandama mumeo siku zote hizi, ulikuwa nyuma ya kaunta unakunja karatasi."

"Ningesemaje?"

"Kama ulivyosema sasa. Nenda nyumbani, mdogo wangu."

"Utafuta?"

"Nenda."

Alipoondoka, Bi Rangi aliingia ndani akachanganya nyeupe na tone la bluu na kijivu kidogo sana, mpaka akapata rangi ya maziwa yaliyomwagiwa maji. Akapanda. Ile nukta ya mwanga aliyokuwa akijivunia aliifunika kwanza. Kisha weusi wote, taratibu, jicho la kulia, jicho la kushoto. Shingo ilimuuma kama aliyebeba mzigo. Aliposogea nyuma, Msasa hakutazama tena kaunta. Aliinua pua kidogo, akasikiliza, kama alivyokuwa siku zake za mwisho, akimngoja anayempenda.

Hakuwa amemaliza. Alichukua brashi nyembamba ya herufi. Kwenye kifundo cha ule mkono usio na mwenyewe, palepale koti linapokunjwa, alichora bangili ya shaba iliyosokotwa kama kamba.

Zilikuwa bangili mbili. Mama yao aliwavalisha walipokuwa wadogo, kila mmoja yake. Ya Bi Rangi ilikuwa bado mkononi mwake, imebadilika rangi kwa tapentaini. Alimimina mafuta ya kupikia kiganjani, akalainisha kifundo, akavuta mpaka ngozi ikachubuka. Ilipotoka aliitundika kwenye msumari wa mlango wa karakana, mahali ambapo kila apitaye ataiona, na kuona pia mkono mtupu wa mwenyewe. Mdogo wake alikuwa amenenepa tangu ndoa. Yake ilikuwa haitoki tangu zamani.

"Bi Rangi," fundi viatu alisema asubuhi, "naona mkono umeota bangili."

"Ulikuwa nayo siku zote. Mimi ndiye sikuiona."

"Kumbe Msasa hakuwa kipofu peke yake."

"Shona viatu."

Mtaa ulisoma. Haukuhitaji siku nyingi. Mke wa muuza nyama alianza kuvaa mikono mirefu kwenye jua la kukaanga mayai, na hilo likawasomea hata waliokuwa hawajaelewa. Wateja walirudi bucha mmoja mmoja, wakiwa na aibu, wakanunua zaidi ya walivyohitaji. Walimsalimia mume kwa jina la heshima, wakapokea nyama kutoka mkononi mwake, wala si kwa mkewe. Mke akiwapa chenji, walimwambia aiweke tu kwenye kaunta.

Muuza nyama alikuja kuutazama ukuta mchana mmoja. Alisimama mbele ya ile bangili. Aliigusa, na tabaka jipya la rangi, lililopakwa asubuhi ile, likamshika kidole.

"Shemeji, nimekukosea," Bi Rangi alisema.

"Umenikosea."

"Nikifuta yote, nitaeleza watu kwamba—"

"Usifute." Alikuwa bado anatazama kidole chake. "Usithubutu kufuta."

Hakumpiga mke, hakumfukuza, hakupandisha sauti. Waliokuwa wakitega sikio waliondoka wamekata tamaa. Lakini kesho yake asubuhi, kabla ya kutundika nyama, alilichukua koti jeupe kwenye msumari, akalifunga vifungo vyote, akakata kipande kizuri cha mnofu. Akavuka barabara. Akachuchumaa mbele ya ukuta.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "umeamkaje?"

Nyuma ya kaunta kisu kilisimama. Mdogo wake Bi Rangi aliinamisha kichwa, akavuta mkono wa gauni juu ya kifundo, akaanza kukunja karatasi, moja juu ya nyingine. Kesho yake ilikuwa hivyo, na siku iliyofuata pia. Alikuwa ameua ili neno lile linyamaze, na sasa lilikuwa halizeeki, haliugui, halitazikwa nyuma ya karakana. Na safari hii Bi Rangi hakucheka, wala fundi viatu hakucheka. Wote wawili walimtazama mke.

Ilipita misimu. Kabla ya kila mvua Bi Rangi hupanda ngazi na kopo la rangi ya mafuta bora aliyo nayo. Kazi za watu zitangoja. Hupitia kifua, sikio, ile pua iliyoinuka, na bangili huipa tabaka mbili ili isipauke. Siku moja mdogo wake alivuka barabara, peke yake, akasimama chini ya ngazi kama mara ya kwanza. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi.

"Dada. Utamfuta lini?"

Bi Rangi alichovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kopo.

"Hii ni ya mafuta, mdogo wangu," alisema. "Ikitunzwa, itatuzika sote."

Akaendelea kupaka. Asubuhi ilikuwa bado mapema, na ng'ambo mlango wa bucha ulikuwa unafunguliwa.